Mwenzenu nalala na mvua ya kwenye redio

Leo nakuomba tuweke pembeni stori za mapenzi. Safu hii imekuwa ya mapenzi mpaka mhariri mwenyewe ananiita shangazi, wakati nina miaka 26 tu na hata posa sijaletewa. Leo naongelea masikio. Usicheke, utaona mwenyewe.

Huku kwetu Tandale umeme ukikatika usiku kila mtu anatoka na kilio chake. Huyu joto, yule mbu, mama mwenye genge analilia samaki wake walio kwenye friji. Mimi nalilia feni, na wala si kwa ajili ya joto. Feni ikishasimama tu na chumba kikawa kimya, naanza kusikia kitu ambacho hakuna mwingine anayekisikia: iiiiiiiiii! Mlio mwembamba, mrefu, kama wa nyenje aliyeganda kwenye mwembe saa saba ya mchana, isipokuwa huyu wangu hapumziki, hamezi mate, wala hafukuziki kwa jiwe. Hayuko dirishani. Hayuko darini. Yuko humu humu kichwani, zaidi upande wa kushoto, na huu ni mwaka wa nne tangu ahamie.

Madaktari wanauita tinitasi, jina lililotoka kwenye neno la Kilatini lenye maana ya kulia kama kengele. Sisi tunasema masikio yanavuma, au yanalia. Na usidhani niko peke yangu, maana hilo nalo lilinipa nguvu siku nilipolijua. Mwaka 2022 watafiti walikusanya hesabu za nchi mbalimbali wakaona kwamba watu wazima kama 14 katika kila 100 wanao mlio huu, yaani zaidi ya watu milioni 740 duniani, na kati yao zaidi ya milioni 120 unawatesa ile mbaya. Kwa hiyo kwenye daladala la asubuhi lililoshona mpaka mlangoni, wenzangu na mimi hatukosi kuwamo. Ila nani atasema? Ukisema kichwani mwako kuna kitu kinalia, jirani anakuangalia juu mpaka chini, kisha anakuuliza kama mwezi umeandama.

Wangu ulitoka kazini. Nilipomaliza kidato cha nne matokeo hayakunibeba, nikapata kibarua kwenye mashine ya kukoboa na kusaga. Sitaitaja, mwenyewe akisoma atajijua. Kazi yangu ilikuwa kupokea debe, kuandika kwenye daftari na kuchukua hela, meza yangu ikiwa hatua kama nne kutoka kwenye kinu. Miaka miwili na nusu, siku sita kwa wiki, saa kumi kwa siku. Mle ndani hatukuwa tunaongea, tulikuwa tunaonyeshana mikono. Vidole viwili ni sembe, ngumi ni dona, kupangusa paji la uso maana yake bosi anakuja. Wateja walidhani tuna utani wetu, kumbe ni kwamba hata ukipiga kelele mwenzako haambulii kitu.

Niliwahi kumwomba tajiri atununulie vile vizibo vya masikio, vya sponji, ambavyo wala si ghali. Alicheka mpaka unga ukamdondoka kwenye nyusi. "Hayo mambo ya Wazungu, binti. Unga haujawahi kumuua mtu." Tukawa tunaziba kwa pamba, na baadaye nikaja kuambiwa kwamba pamba kavu kwa kelele za namna ile haisaidii chochote cha maana.

Ngoja nikupe hesabu kidogo halafu tuendelee. Kelele hupimwa kwa desibeli. Wataalamu wa usalama kazini wa Marekani wanasema mtu akikaa kwenye desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku, huo ndio mwisho wake. Kila zinapoongezeka desibeli 3 tu, muda wa kukaa unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa moja, basi. Na huhitaji mashine ya kupimia. Ikiwa aliye umbali wa mkono mmoja inabidi upaze sauti ndiyo akusikie, ujue mmeshafika kwenye 85 au mmepita. Sasa sisi tuliokuwa tunasemeshana kwa ngumi, piga hesabu mwenyewe.

Mwanzoni ulikuwa unakuja jioni nikitoka kazini, ukifika asubuhi umekwisha. Kisha siku moja ya Jumatatu nikaamka, ukaamka na mimi. Jumanne hivyo hivyo. Nikajikaza kisabuni, nikasema utaondoka. Wapi bwana!

Miezi minne ya kwanza sitaki hata kuikumbuka. Kulala nalala saa tisa, saa kumi na moja niko macho. Mchana naandika madebe ya watu vibaya, hela hazilingani na daftari. Nikipanda daladala nasinzia napitilizwa. Shoga yangu mmoja akawa ananiambia nimepungua mpaka gauni linanivaa badala ya mimi kulivaa. Na usiku ule, msomaji wangu, usiku wenye kitu kinacholia ndani ya fuvu lako na huna kitufe cha kukizimia, mtu unawaza mambo ya ajabu. Niliwaza kwamba ndivyo wehu unavyoanza. Niliwaza na mengine ambayo hapa si mahali pake. Niliyasema kwa dada yangu mkubwa, na ninashukuru niliyasema. Kama nawe umefika huko, usilale nayo peke yako hata usiku mmoja, mgongee mtu mlango.

Ushauri ulikuwa haunipiti. Mama wa chumba cha pili akasema ninasengenywa, sikio la kushoto ni maneno mabaya. Nikamwambia mama, hawa wanaonisengenya hawaendi hata kula? Mwingine akasema ni jini mahaba ananiimbia. Fundi viatu wa pale kona akaniletea chupa ya mafuta ya nazi yaliyochemshwa na vitunguu saumu niyamiminie sikioni yangali ya moto. Nikaipokea kwa heshima, nikakaangia mayai. Na karibu wote, hata waliokuwa na nia njema kabisa, walimalizia na jambo moja: "Tafuta sehemu tulivu upumzike."

Basi nikapelekwa kwa mama mdogo, shamba, nyuma kabisa ya Kibaha. Hakuna baa, hakuna bodaboda, hakuna mkesha. Saa mbili usiku taa zimezimwa, hata mbwa wa kule ni mpole. Lo salale! Usiku ule kile kinyenje kiligeuka king'ora. Kilijaa chumba chote. Nilitoka nikaenda kukaa jikoni, na ndipo nikaona kitu cha ajabu: mama mdogo alikuwa ameacha maharage kwenye moto wa kuni, yanatokota taratibu, bwata-bwata-bwata, na kuni mbichi inatoa ule mvuke wake, fyuuuu. Nikakaa pale. Dakika tano, kumi. Nikagundua kwamba kwa mara ya kwanza baada ya miezi nilikuwa nawaza kitu kingine. Mlio ulikuwapo, nikiutafuta naupata, lakini ulikuwa umekaa nyuma ya maharage. Nilisinzia palepale, kichwa kwenye gunia la mkaa. Mama mdogo aliponikuta alfajiri akadhani nimemwibia mboga.

Hiyo ndiyo iliyonipeleka hospitali, maana sasa nilikuwa na swali la kuuliza. Kwa nini maharage yananituliza kuliko ukimya?

Pale kwenye idara ya masikio, pua na koo walianza kuangalia kama nina nta, maana nta ikijaa peke yake inaweza kuleta mlio, na hiyo dawa yake ni kuitoa tu. Sikuwa nayo. Wakanifungia kwenye kijichumba kisichopitisha sauti, nikavalishwa visikilizio, nikapewa kitufe: ukisikia pii, bonyeza. Sauti nene nilizisikia zote. Zile nyembamba nikawa nabonyeza kwa kubahatisha. Daktari akanionyesha mchoro. Mstari unakwenda vizuri, unakwenda, halafu ukifika karibu na hezi 4000 unatumbukia kama barabara yetu wakati wa masika, kisha unapanda kidogo. "Hili shimo, binti, ni saini ya kelele. Ulikuwa unafanya kazi wapi?"

Akanieleza, nami nakueleza kama nilivyoelewa. Ndani kabisa ya sikio kuna kitu kimejikunja kama konokono, na humo kuna chembechembe zenye vinywele, kama elfu kumi na tano hivi kila sikio. Hizo ndizo zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa habari za kupeleka kwenye ubongo. Unazaliwa nazo, na kwa binadamu zikifa hazioti tena, si kama kucha. Kelele kubwa huzichosha, zikichoshwa sana zinakufa, na zinazoanza kuondoka ni zile za sauti nyembamba. Sasa ubongo unakaa unasubiri habari kutoka upande ule, habari haziji. Unafanyaje? Unafanya kama wewe unapotafuta stesheni iliyo mbali: unaongeza sauti ya redio. Stesheni hupati, unachopata ni ule mkoromo wa redio yenyewe. Hivyo ndivyo wataalamu wengi wanavyoueleza mlio huu. Si jini wala mtu anayekusema, ni ubongo umefungulia sauti mpaka mwisho.

Na ukimya? Ukimya unaupa nafasi. Kibatari ukikiwasha saa sita ya mchana uwanjani nani anakiona? Kiwashe usiku umeme umekatika, mtaa mzima unajua nyumba gani ina kibatari. Mwanga ni ule ule.

Kuna jambo lililofanyika Marekani mwaka 1953 ambalo nikilisimulia watu hawaniamini. Watafiti wawili, Heller na Bergman, waliwachukua watu 80 wenye masikio mazima kabisa, wasio na malalamiko yoyote, wakawaweka mmoja mmoja kwenye chumba kimya sana, wakawauliza wanasikia nini. Asilimia 94 walisema wanasikia sauti fulani: kuvuma, kulia, mnong'ono. Watu wazima hao! Kwa hiyo hata wewe unayesoma hapa ukijiona salama, ukifungiwa mahali pakimya vya kutosha, nyenje wako naye yupo.

Daktari akaniambia bila kuzunguka kwamba dawa ya kumeza ya kuufuta mlio huu hakuna. Vidonge vya mitishamba, madini ya zinki, vinauzwa tele, lakini madaktari wa masikio wa Marekani katika mwongozo wao wa mwaka 2014 walisema visipendekezwe kwa ajili ya mlio. Chenye ushahidi mzuri zaidi, na mapitio ya tafiti ya mwaka 2020 yalilisema hilo, ni mazungumzo na mtaalamu anayekusaidia kubadilisha namna unavyouchukulia, ili usikuogopeshe. Haufuti mlio, unafuta vita. Na kwa aliyepungukiwa kusikia, kifaa cha masikio kinaweza kusaidia vyote viwili, maana ubongo unaletewa zile habari ulizokuwa unazililia. Halafu akaniambia, na wewe umeshapata maharage yako, endelea kutafuta.

Nikatafuta kweli! Kumbe hata wakubwa walianza hivyo hivyo. Kule Portland, Oregon, miaka ya 1970, mtafiti wa masikio Jack Vernon alikuwa anatembea mjini na daktari mmoja mwenye mlio mkali, Charles Unice. Wakafika kwenye chemchemi ya maji ya mapambo, maji yanaporomoka juu ya zege. Unice akasimama, hataki kuondoka. Mlio haumsumbui! Kutoka hapo Vernon akaanza kutengeneza vifaa vidogo vya kuvaa sikioni vinavyotoa sauti ya kuvuma kama maji. Mimi sikuwa na chemchemi. Nilikuwa na Tandale.

Nilianza na muziki, kwa sababu ndio ulio karibu. Muziki haufai, angalau kwangu. Wimbo una maneno, akili inafuata maneno, na katikati ya wimbo na wimbo kuna kile kimwanya, humo humo nyenje anachungulia. Taarifa ya habari ndiyo mbaya kabisa, unaamka unajua bei ya mafuta badala ya kulala. Televisheni, hapana. Mbu ni adui mara mbili, sauti yake inafanana na yangu mpaka nilikuwa nachapa hewa kumbe hakuna mbu.

Zinazofaa zina tabia moja: hazina habari yoyote ndani yake. Hazianzi, haziishi, hazisemi na mtu. Mafuta ya chapati kwenye kikaango. Maji yanayojaza tangi la jirani, ingawa huwezi kumwomba jirani ajaze tangi usiku kucha. Feni ya mezani, hasa ya zamani yenye kikoromeo kidogo. Mawimbi ya Coco Beach, siku za jioni ambazo hawajafungulia spika. Mvua ya masika juu ya bati lisilo na dari, hiyo ni mfalme. Mvua ya bati ikinyesha mimi nalala kama nimelipwa.

Lakini mvua inanyesha kwa matakwa yake. Nikajaribu ya kwenye simu. Ukitafuta mtandaoni utakuta mvua za saa nane mfululizo. Nikajifunga bando, nikaweka mvua, nikaanza kuelea, usingizi huo unakuja. Saa saba na nusu usiku katikati ya mvua ikaingia sauti ya mwanamume: JE, UNAHITAJI MKOPO WA HARAKA? Nilikaa kitako moyo unadunda, nikamwitikia "hapana" kwa sauti. Kwa hiyo kama utatumia simu, pakua sauti yenyewe uihifadhi, usitegemee ya kupita hewani na matangazo yake.

Mkombozi wangu alikuwa redio ya zamani, ile ya gurudumu la kuzungusha, ambayo baba alishaiacha juu ya kabati. Izungushe mpaka pasipo na stesheni. Shhhhhhhh. Sikiliza vizuri, ukiipunguza ni mvua kabisa, tena inayonyesha mtaa wa pili. Hizi redio za kisasa ambazo katikati ya stesheni zinajinyamazia zenyewe hazikufai, unataka ile isiyo na adabu. Betri mbili, umeme ukikatika haijali.

Halafu kuna kipimo, na hapa watu wengi wanaponzeka. Hamu ya kwanza ni kufungulia mpaka mlio ufunikwe kabisa. Daktari alinikataza. Kuna mtafiti mzaliwa wa Poland, Pawel Jastreboff, aliyeeleza mwaka 1990 jinsi ubongo unavyoweza kuzoea mlio huu mpaka ukaacha kuuhangaikia. Katika njia yake, sauti ya kutuliza inawekwa chini kidogo ya mlio, viwili hivyo vikae pamoja bila kimoja kummeza mwenzake. Ubongo hauwezi kuzoea kitu ambacho haukisikii. Ukiuficha kila siku, siku sauti ikizimika unakuja mpya kama mgeni wa jana. Na ukifungulia sana unaharibu hata vile vinywele vilivyobaki. Mimi nazungusha mpaka nasikia vyote viwili, mvua mbele kidogo na nyenje nyuma, narudisha nyuma nywele moja, naacha.

Hayo yote nilikuwa nimeshayapanga vizuri kabisa, mambo bomba, ndipo akaja bibi.

Bibi yangu mzaa mama ni mtu wa Pangani. Mwaka jana aliletwa mjini kutibiwa macho, akawekwa chumbani kwangu. Bibi wa miaka 78, mwembamba, mkali wa mambo yake, anayeniita mke mwenzangu kama ilivyo desturi. Usiku wa kwanza nikawasha redio yangu. Bibi kimya. Nikawasha feni. Bibi akajifunika khanga mbili. Usiku wa pili akasema, "Mke mwenzangu, hiyo redio imekufa, izime tuizike." Nikamweleza bibi, samahani, nina matatizo ya masikio, yanalia, hiyo ndiyo inayonilaza. Nilijiandaa kusikia habari ya jini.

Bibi akakaa kitandani. "Yanalia vipi?"

"Kama nyenje, bibi."

"Yangu ni nyuki," akasema. "Wamo tangu sijamzaa mama yako."

Jamani! Miaka yote hiyo, na mama yangu hajui, na marehemu babu aliondoka hajui. Nikamuuliza kwa nini hukusema, bibi? Akanijibu, "Nimwambie nani, na wa nini?" Anasema walianza alipougua malaria akiwa binti, akanywa kwinini mpaka masikio yakajaa. Wazee wengi mnaijua habari hiyo, kwinini kuvumisha masikio ni jambo la tangu enzi, hata dozi kubwa za aspirini hufanya hivyo. Nilipokuja kumuuliza daktari akasema mvumo wa kwinini kwa kawaida huisha dawa ikiisha, na kwamba nyuki wa bibi, kwa umri alionao, huenda ni masikio kuzeeka tu. Nilipompelekea bibi maelezo hayo aliyakataa palepale. Nyuki ni wake, anajua walivyoingia.

Lakini kilichonishika ni hiki. Anasema kule kwao hawakuwahi kumkosesha usingizi. Nyumba yao iko karibu na bahari, kusi likivuma minazi inapiga makuti, kaskazi likivuma mawimbi yanakuja hodi mpaka uwani. Nyuki wako, yeye yuko, bahari iko, kila mtu na kazi yake. Ni alipokuja huku Dar, kwenye chumba kilichofungwa madirisha kwa ajili ya wezi, ndipo walipoanza kumtafuna. Siku tatu alikuwa hajalala, anadhani ni dawa za macho. Na akizidiwa hushika tasbihi akavuta uradi kwa sauti ya chini, midomo inatoa ule mnong'ono wa s-s-s, mpaka apitiwe. Nimesoma Oregon na Poland kumbe bingwa nalala naye chumba kimoja, tena anaitwa mgonjwa wa macho.

Nikamtafutia bahari kwenye simu. Akasikiliza, akakunja uso. "Hii bahari ya wapi?" Nikamwambia ya Wazungu hii, bibi. Akasema inaonekana, haina kina. Wikendi moja binamu yangu wa Pangani akaenda ufukweni jioni, akarekodi saa nzima kwa simu yake akatutumia. Kuna mtoto anaita mbuzi kule mwanzoni, kuna mtu anapiga chafya. Bibi anapasikia pale pa chafya kila siku na kila siku anasema huyo ni fulani. Kisha analala.

Kwa hiyo chumbani kwetu siku hizi kuna zamu. Bahari yake kabla ya saa sita, mvua yangu baada ya hapo. Alishaondolewa mtoto wa jicho na angeweza kurudi kwao tangu zamani, lakini kila akitajiwa basi la Tanga anasema jicho bado linawasha. Mama haelewi. Mimi naelewa, ila simwambii. Na mlio wangu haujapungua hata nywele moja kwa vipimo vya daktari. Kilichopungua ni mimi kuufuatafuata. Kuna siku napata mchana mzima, natoka kwenye kuandika hizi safu jioni ndipo nakumbuka, aa, kumbe upo. Zile usiku za saa tisa zimebaki chache, hasa nikiwa na hasira au sijala.

Machache ya haraka kabla nafasi haijaniishia. Mlio ukija ghafla pamoja na sikio kuziba au kutosikia, usisubiri wiki, siku hiyo hiyo au kesho yake uwe hospitali, maana matibabu yake yana saa. Mlio wa sikio moja tu, au unaopiga kwa mapigo ya moyo, du-du-du, au wenye kizunguzungu, nao ukaangaliwe. Sikioni usiingize ufunguo, kijiti cha kiberiti, manyoya ya kuku wala mafuta ya fundi viatu. Kama umeandikiwa dawa na masikio yakaanza kuvuma, mwambie aliyekuandikia, usiikate mwenyewe. Na nyie mnaofanya kazi kwenye mashine za kusaga, gereji za kunyoosha bodi, karakana za mageti na mnaokaa chini ya spika za vigodoro, vile vizibo vya sponji vinapatikana kwenye maduka ya dawa na ya vifaa vya ujenzi. Tajiri akicheka, mwache acheke, wewe ziba.

Nawe msomaji uliyekaa kimya na nyuki wako miaka thelathini kama bibi, mwandikie mhariri, atanipa. Niambie wako unalia vipi na unaulaza kwa sauti gani, nimeanza daftari. Mpaka sasa nina cherehani ya kanyaga, nina jenereta la mbali, na mzee mmoja wa Manzese ambaye hulala kwa kukoroma kwa mkewe, na mke akisafiri hapati usingizi. Mizizi na hirizi tafadhali usitume, pale ofisini hawana pa kuweka.